Elimu ya Tabia za Binadamu na Faida Yake

Mzazi aliyeitumikia kazi ya uaskari kwa miaka mingi, akiambiwa na bintiye kwamba amechaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea sayansi ya tabia za binadamu, huenda akaguna. Sheria anaijua, na udaktari na uhandisi pia anavijua. Lakini tabia za watu, je, si jambo ambalo kila mtu mzima amejifunza kwa kuishi kwake duniani? Swali hilo ni la haki. Jibu lake limo katika kazi wanazopewa wanafunzi hao tangu mwaka wa kwanza, kwani hufundishwa kutoyakubali upesi yale ambayo kila mtu mzima hudhani kuwa anayajua.

Mfano mmoja unawagusa polisi moja kwa moja. Mwaka 1974 wataalamu wawili wa Marekani, Elizabeth Loftus na John Palmer, walichapisha matokeo ya majaribio yao kuhusu kumbukumbu. Katika jaribio moja wanafunzi 150 walionyeshwa filamu fupi ya ajali ya magari. Hamsini kati yao waliulizwa magari yalikuwa yakienda kwa kasi gani yalipogongana. Hamsini wengine waliulizwa swali lile lile, ila kwa neno kali zaidi, lenye maana ya kupondana. Hamsini wa mwisho hawakuulizwa habari ya kasi. Baada ya juma moja wote waliulizwa kama walikuwa wameona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hiyo havikuwamo. Hata hivyo, watu 16 wa neno kali walisema kwamba waliviona. Wa neno la kawaida walikuwa 7, na wa kundi la tatu 6.

Msomaji wa kawaida huishia kwenye ile 16 na kustaajabu. Mwanafunzi hutakiwa aitazame ile 6. Watu hao walikosea bila kuchochewa na swali lolote la kasi; basi si halali kulitwisha neno kali makosa yote 16. Kisha huulizwa jambo la pili: je, kijana aliyeketi darasani akitazama filamu, bila hofu wala damu, anaweza kulinganishwa na mama aliyeshuhudia ajali barabarani? Na hapo ndipo penye faida yenyewe ya elimu hii, maana kukariri majina ya wataalamu hata kasuku angeweza.

Mpelelezi aliyepitia mafunzo ya namna hiyo hatamwuliza shahidi, "Yule mwizi mwenye shati jekundu alikimbilia wapi?" kabla shahidi mwenyewe hajataja shati. Humwambia aeleze alichokiona, akanyamaza na kuandika.

Nyumbani nako elimu hii ina mahali pake. Mwaka 1979 Robert Serpell, aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Zambia, alichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester, Uingereza, katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza waliwashinda wenzao. Kwa waya, watoto wa Zambia waliongoza. Nao ni watoto waliozoea kujitengenezea magari ya kuchezea kwa waya. Kwa udongo wa kufinyanga hawakupitana. Lau mtafiti angalibeba kalamu peke yake, angalirudi na habari kwamba watoto wa Lusaka ni wazito wa akili, na takwimu zake zingaliiunga mkono habari hiyo ya uongo.

Askari watapenda pia kujua kwamba wanafunzi hao husoma juu ya utii. Katika jaribio la Stanley Milgram, lililochapishwa mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 waliendelea kumpiga mtu umeme, kama walivyoamini, hadi kipimo cha mwisho cha volti 450, kwa kuwa tu msimamizi aliwaagiza waendelee. Umeme haukuwapo, na aliyedhaniwa kupigwa alikuwa akiigiza. Lakini msimamizi alipotoka chumbani na kutoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka kuwa karibu mmoja kati ya watano. Wanafunzi hujadili matokeo hayo, na hujadili vilevile kama ilikuwa haki kuwahadaa watu kiasi hicho.

Masomo huchukua miaka mitatu au minne. Hesabu za takwimu huwatoa jasho wengi waliodhani wamekimbia hesabu. Mwishoni mwanafunzi mara nyingi hufanya utafiti wake mwenyewe, na akigundua kwamba dhana yake haikuthibitika, huandika hivyo hivyo na kupewa alama zake. Shahada hiyo ya kwanza haimfanyi mtu kuwa tabibu wa maradhi ya akili; anayetaka kazi hiyo sharti aongeze masomo na mazoezi chini ya wakubwa wake. Wengine huajiriwa katika ustawi wa jamii, idara za utumishi na magereza.