Kilio cha saa tisa: Kwa nini Kristo alijiona ameachwa?

KILA Ijumaa Kuu, Wakristo wa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, hukumbuka habari ileile ikumbukwayo duniani kote: giza kutanda saa sita mchana, na saa tisa Yesu kulia kwa sauti kuu akimwuliza Mungu sababu ya kumwacha. (Saa za Injili hulingana na za Kiswahili, msomaji hana haja ya kuzigeuza.)

Iweje Mwana wa Mungu aachwe na Mungu?

Marko na Mathayo pekee ndio wanaokitaja kilio hicho. Luka na Yohana wana maneno mengine ya mwisho, yaliyo tulivu zaidi. Ugumu huo wenyewe ni ushahidi, kwani si rahisi waumini wa kwanza kubuni neno la kuwatia aibu kiasi hicho.

Maneno hayo ni mwanzo wa Zaburi ya 22, ambayo huanza kwa maombolezo na kuishia kwa sifa. Wapo wanaosema, basi, kwamba Yesu alikuwa akisali zaburi nzima. Hoja hiyo ina uzito, lakini ikivutwa mno hukigeuza kilio kuwa kisomo tu.

Mwanamatengenezo John Calvin alifundisha kuwa Kristo aliibeba hukumu ya wenye dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inakana kwamba alikataliwa kama mkosaji. Inasema alijiunga na wanadamu katika upotevu wao. Naye Mjerumani Jürgen Moltmann, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alieleza kuwa Baba naye aliumia kwa kumpoteza Mwana.

Katika Usukuma jambo hili si la vitabuni tu. Kwa miaka mingi vikongwe wenye macho mekundu, wekundu ambao mara nyingi huletwa na moshi wa jikoni, wametuhumiwa uchawi, na wengine wameuawa. Tuhuma hizo husimama juu ya fikra moja: palipo na msiba pana mkosaji, na anayetengwa na wote lazima ana hatia.

Msalaba unaikata fikra hiyo. Aliyetundikwa pale alikimbiwa na wanafunzi wake, akadhihakiwa na wapita njia, akalia bila kujibiwa, wala hakuwa na kosa.