Kitasa cha mashine ya sarafu: nenda Kariakoo na kipimo, siyo na jina

Ukimwuliza muuza vitasa wa Kariakoo kama anacho kitasa cha mashine kuukuu ya kuuzia peremende, atakuuliza ndiyo mashine gani hiyo, kisha atakuwekea mezani kufuli jipya la Kichina. Hana kosa. Kitu ulichomtajia hakimo katika biashara yake. Mpelekee kitasa chenyewe mkononi, mwambie unatafuta chenye mwili wa milimita 19 na ulimi unaogeuka robo mzunguko, na mara nyingi atainama chini ya kaunta na kuanza kupekua.

Mashine inayouza bidhaa kwa sarafu ni wazo la zamani mno. Heron wa Alexandria, katika karne ya kwanza, alieleza chombo cha hekaluni kilichotoa maji matakatifu mtu akitumbukiza sarafu. Kwa sura tunayoijua leo, mashine hizo zilianza London mwaka 1883, pale Percival Everitt alipotengeneza ya kuuzia kadi za posta. Tangu hapo kila mtengenezaji amekuwa na shida ileile: sanduku linakaa hadharani likiwa na mali na fedha tumboni. Wengi hawakujisumbua kubuni vitasa. Walivinunua tayari kwa viwanda vya vitasa, na viwanda hivyo vilikuwa vikifyatua kwa vipimo maalumu. Basi hata kama aliyeunda mashine yako amesahaulika, kitasa chake kina ndugu wengi duniani, na baadhi yao wamefika Dar es Salaam.

Usianze kutafuta sokoni kwenyewe. Lile jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, ni la mazao, mboga na pembejeo. Vitasa vipo katika maduka ya vifaa vya ujenzi kwenye mitaa inayolizunguka, na kwa mafundi funguo wanaokaa barazani na jiriwa ndogo na kopo la tupa. Ukishindwa huko, teremka Gerezani kwenye spea na mashine za kukereza vyuma. Kuna mlango mwingine ambao watu hawaufikirii: mafundi wa mashine za dubwi, zile za mitaani zinazomeza sarafu za shilingi 200. Mashine hizo nazo ni masanduku ya fedha, na vitasa vyake ni vya ukoo uleule. Fundi wa dubwi hakosi boksi la vitasa vilivyong'olewa, na ndani ya boksi hilo mna ndimi, nati na springi ambazo dukani hutaziona.

Kabla ya kutoka nyumbani, pima. Chukua kalipa upime upana wa mwili wa kitasa, urefu wake kuanzia chini ya kichwa, na ulimi kuanzia katikati ya tundu lake hadi ncha. Angalia kama ulimi umenyooka au umepinda, na unageuka robo mzunguko au nusu. Vitasa vingi vya mashine za Kimarekani hukaa katika tundu la milimita 19 lenye ubapa pande mbili, kipimo ambacho viwanda vya China vinakitoa hadi leo. Soma pia namba iliyogongwa usoni au kwenye ufunguo, maana kwa aina nyingi namba hiyo ndiyo inayomwambia mtengeneza funguo kina cha kila jino. Nimeona watu wakiisugua kwa msasa ili shaba ing'ae. Wameng'arisha uso na kufuta kumbukumbu.

Vitasa vya ufunguo wa mviringo, ambao ncha yake ni kama kipande cha bomba, vilienea kwa kitasa kiitwacho Ace cha kampuni ya Chicago Lock, mwaka 1933. Pini zake zimepangwa kwa duara, na ni tabu kuzirudisha mahali pake, kwa hivyo sishauri ukarabati wa pini mojamoja. Tafuta kizima chenye kipimo hicho, hamishia ulimi wa zamani, uendelee na maisha. Vya pini za mstari mmoja, vinavyotokana na kazi ya Linus Yale mdogo ya mwaka 1861 na 1865, vinakubali pini na springi kutoka kitasa kingine mradi unene ulingane.

Kazi yenye raha ni vile vya Kiingereza vya leva. Juzi nilikuwa na kimoja mezani, kimetoka kwenye mashine ya kutundika ukutani katika duka la zamani la Kisutu. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa akitoboe kwa drili. Nilipofungua kifuniko nilikuta leva nne za shaba, zote nzima, na springi mbili zimekatika. Ndivyo hewa yetu ya chumvi inavyofanya kazi: shaba inavumilia, chuma chembamba kinaliwa kutu kimyakimya mpaka kinavunjika. Robert Barron alikata hataza ya utaratibu huu mwaka 1778. Kila leva ina pengo. Ufunguo ukiinua leva kwa upungufu, pengo halijafika. Ukiizidisha, pengo limeshapita. Mapengo yote yakikaa mstari mmoja ndipo kigingi cha ulimi hupenya. Leva isiyo na springi hairudi chini, kwa hiyo mapengo hayapangiki, na mwenye mashine anaamini ufunguo umeharibika.

Springi hizo hutazipata katika duka lolote, na huna haja nazo. Uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli ni chuma kigumu chenye kurudi. Niliukata kwa urefu wa springi iliyosalia, nikaupinda taratibu kwa koleo bila moto, maana moto unaua ule ukakamavu, nikauingiza katika mkato wa mkia wa leva na kuubana kwa kugonga shaba pembeni kidogo sana. Leva ilirudi chini kwa mlio mkavu.

Skrubu ndizo zinazowatesa wengi. Mashine za Kiingereza za zamani zimefungwa kwa skrubu ndogo za kipimo cha Kiingereza kiitwacho BA, au zile za kipimo cha Whitworth cha mwaka 1841, na siyo za milimita zilizojaa Kariakoo. Meno ya milimita yana pembe ya nyuzi 60, ya Whitworth 55, ya BA 47.5. Nati ya milimita itaingia mizunguko miwili, itakaza, na ukilazimisha unakula meno ya shaba. Bahati moja tu: skrubu ya 0BA ina unene wa milimita 6 na hatua ya milimita 1, sawa na ya M6, hivyo nati ya M6 huweza kuishika mahali pasipo na mzigo mkubwa. Nyingine zikerezwe Gerezani, ukiacha ya zamani kama sampuli. Ufunguo uliopotea nao hutengenezwa hivyo: fundi anafungua kitasa, anasoma leva, anaunga bapa kwenye kipande cha nondo kilichokerezwa, kisha anachonga jino kwa jino. Fundi wa heshima atakuuliza kwanza mashine ni ya nani, na usikasirike.

Vipande vilivyovunjika vitie kwenye mfuko, uufunge ndani ya mashine. Atakayeirekebisha baada yako atavihitaji kama sampuli. Inaniuma kuona sanduku la shaba na chuma la miaka themanini likipimwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu kwa sababu ya springi mbili.

Kitasa kikishasafishwa kwa mafuta ya taa na kukauka, usikitie mafuta ya kupikia wala ya injini, yanashika vumbi na kuganda. Kwaruza risasi ya penseli iwe unga, upulize kidogo kwenye tundu, na ugeuze ufunguo mara kadhaa.