SHULE ZA WEUSI KATIKA WILAYA YA PRINCE EDWARD: UBAGUZI NI CHOMBO CHA NANI?

Katika mafunzo ya siasa swali hili huulizwa mara kwa mara: je, ubaguzi wa rangi ni ugonjwa wa moyo wa mtu, au ni chombo cha mfumo? Anayedhani kwamba ni ugonjwa wa moyo tu atatafuta dawa katika mahubiri. Anayetambua kwamba ni chombo atauliza chombo hicho kinamfanyia nani kazi. Historia ya wilaya moja ya mashambani Kusini mwa Marekani, Prince Edward katika jimbo la Virginia, inalijibu swali hilo kwa matendo.

Msingi wa Shule za Ubaguzi

Prince Edward ilikuwa wilaya ya tumbaku. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1865, lakini sehemu kubwa ya ardhi ilibaki mikononi mwa Wazungu. Weusi wengi walilima mashamba ya wengine kwa kugawana mavuno, au walifanya vibarua. Mkulima asiyejua kusoma hawezi kukagua daftari la madeni yake. Mwenye shamba alilijua jambo hilo vizuri.

Katiba ya Virginia ya mwaka 1902 ilifanya mambo mawili. Kwanza, ilimtaka mpiga kura awe amelipa kodi ya kichwa ya dola 1.50 kwa kila mwaka, kwa miaka 3 iliyotangulia. Pili, ilikataza watoto Weusi na Wazungu kusoma katika shule moja. Mambo haya mawili yasitenganishwe. Aliyenyimwa kura hana kauli juu ya kodi anayotoa. Na asiye na kauli juu ya kodi hupewa shule ya makombo.

Weusi wa Kusini hawakukaa wakingoja. Kati ya mwaka 1912 na 1932 zilijengwa shule zaidi ya 4,900 katika majimbo 15, kwa msaada wa tajiri Julius Rosenwald wa Chicago. Lakini Weusi wenyewe walichanga zaidi ya dola milioni 4, mbali na kodi waliyokwisha kulipa. Kwa maneno mengine, walilipa mara mbili. Kujitegemea kwao kulikuwa kwa kweli, ila mamlaka yalibaki kwa wengine.

Fikra zilizoongoza shule hizo zilifika hata kwetu. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki, ikashauri elimu ya Mwafrika ifuate mfano wa shule za Weusi wa Kusini. Mwaka 1925 ikaanzishwa shule ya Jeanes huko Kabete, Kenya, iliyochukua jina la mfuko uliolipa walimu Weusi wa vijijini Marekani. Wakoloni walipenda elimu ya kumfunza mtu kazi bila kumfunza kuuliza kazi hiyo inamnufaisha nani.

Mgomo wa Mwaka 1951

Turudi Prince Edward. Mwaka 1939 ilijengwa mjini Farmville shule ya sekondari ya Weusi iliyoitwa Robert Russa Moton, kwa wanafunzi 180. Kufikia mwaka 1951 walikuwa zaidi ya 450. Halmashauri ya Wilaya, badala ya kujenga shule nyingine, iliongeza vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi ya lami. Ndani yake walioketi karibu na jiko la kuni waliungua, na walioketi mbali walitetemeka kwa baridi.

Tarehe 23 Aprili 1951, msichana wa miaka 16, Barbara Johns, aliongoza wanafunzi wenzake kugoma. Dai lao la kwanza lilikuwa jengo jipya. Wanasheria Oliver Hill na Spottswood Robinson waliwaambia kwamba wangewatetea kama wangedai kuondolewa kwa ubaguzi wenyewe. Wanafunzi na wazazi wakakubali. Hivyo ndivyo mwamko unavyokua: mtu huanza kwa kudai paa lisilovuja, kisha mapambano humwonyesha mwenye nyumba.

Kesi yao ikawa mojawapo ya kesi 5 zilizoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 17 Mei 1954, ambapo ubaguzi katika shule za serikali ulitangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Watawala Wafunga Shule

Mwaka 1959, baada ya mahakama kuamuru watoto wachanganywe, Halmashauri ilikataa kutoza kodi ya shule. Shule zote za umma zikafungwa kwa miaka 5. Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi, iliyosaidiwa na ruzuku na nafuu za kodi mpaka mahakama ilipozizuia mwaka 1961. Watoto Weusi wapatao 1,700 walifungiwa nje. Hata baadhi ya Wazungu maskini walioshindwa karo walikosa masomo. Tabaka tawala halikuwahurumia hata wa rangi yake.

Weusi waliahidiwa shule yao ya binafsi. Karibu wazazi wote walikataa, kwa kuwa kuikubali kungekuwa kuuza ushindi wao. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Wengine walipeleka watoto kwa jamaa katika majimbo mengine. Wengine waliwafundisha makanisani. Wapo watoto ambao hawakurudi shuleni tena. Tarehe 25 Mei 1964 Mahakama Kuu iliamua kwamba wilaya haiwezi kufunga shule ili kukwepa usawa, na mwaka huo zikafunguliwa. Bunge la Virginia lilitamka majuto yake mwaka 2003, wakati watoto wale walikwisha kuwa watu wazima.

Funzo

Kama ubaguzi ungekuwa chuki tupu, amri ya mahakama ingetosha kuufichua na kuuaibisha. Lakini wenye mamlaka waliona afadhali wilaya isiwe na shule kuliko kuwa na shule ya wote, kwa sababu shule ya wote ilitikisa mpango mzima wa nani aamue na nani atumike. Kwa hiyo, popote panapozungumzwa elimu, tusiishie kuhesabu madarasa. Tuulize pia ni nani anayetoa kodi, ni nani anayeigawa, na mtoto wa nani anayebaki nje mlango ukifungwa.