Mbwa mgonjwa mlangoni: tumpokee au tumfukuze?

Ndugu wanamemba wa koperative, katika mikutano yetu tunaongea juu ya mbuzi, kuku, mpunga na mihogo. Mbwa haongelewi. Lakini kila depo ina mbwa, kila kijiji kina mbwa, na kila mwaka kunabaki mbwa ambao wenyewe wamehama, wamekufa, au wamewachoka kwa sababu ya ugonjwa. Mbwa hao ndio wanaozunguka sokoni na kwenye vivuko vya Lualaba wakitafuta mabaki. Safari hii tunaeleza jambo moja: mtu au koperative ikitaka kumpokea mbwa wa namna hiyo, mgonjwa wa siku nyingi, ifanye nini ili mbwa apone, na watoto wa nyumba wasipate hatari.

Watasema alivyotufikia

Tuanze na wetu wenyewe. Mbwa mmoja alikuja kulala chini ya mlango wa depo ya mpunga, ng'ambo ya Alunguli. Manyoya yalikuwa yamekwisha mgongoni na masikioni, ngozi imekuwa ngumu kama gamba la mti. Mguu wa mbele ulikuwa na kovu la waya wa mtego, anachechemea. Majirani walituambia mwenyewe alipanda boti, hakurudi.

Tulipoanza kumpa chakula, watu walicheka. Wengine wakasema shirika limekosa kazi. Ndipo mlinzi wa depo akampa jina: Watasema. Jina likabaki.

Mama mmoja wa koperative hakucheka. Aliuliza mbele ya wote: "Watoto yangu hawashibi, munataka nilishe mbwa ya watu?" Mama ana haki. Hatumlazimishi mtu. Asiyeweza kumlisha na kumchanja, heri asimchukue, maana mbwa aliyechukuliwa halafu akaachwa tena ni hatari kuliko yule wa kwanza. Lakini mbwa wa mitaani hata tukimfukuza haendi mbali. Anabaki kati yetu, na upele wake, kupe wake, na kama ana kichaa, na kichaa chake. Kwa hiyo swali la mbwa huyo ni la kijiji kizima.

Jambo la kwanza kabisa: kichaa cha mbwa

Kabla ya kufikiri juu ya upele au minyoo, fikiri juu ya kichaa cha mbwa, ule ugonjwa ambao kwenye kituo cha afya wataandika *rage*. Duniani unaua watu karibu 59,000 kila mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili unazuilika kabisa. Chanjo ya kwanza kwa mtu ilitolewa na Louis Pasteur kule Ufaransa mwaka 1885, kwa mtoto wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, na mtoto yule aliishi.

Usimkaribie kabisa mbwa ambaye anatokwa mate mengi, taya limelegea, anatembea kama mlevi, anauma mawe na miti, au sauti imebadilika. Vilevile mwogope mbwa wa mtaani aliyekuwa mkali na ghafla amekuwa mpole kupita kiasi, anakuja mwenyewe kwa watu. Mwite veterineri au mkuu wa mtaa.

Watu wengi wamesikia habari ya siku kumi, lakini wanaichanganya. Siku kumi ni za mbwa aliyemuuma mtu. Virusi vinaingia kwenye mate siku chache tu kabla ya dalili kuonekana. Kwa hiyo mbwa aliyeuma, akifungwa na kuangaliwa, siku kumi zikapita yuko mzima, basi siku ile ya kuuma mate yake hayakuwa na ugonjwa. Lakini kwa mbwa tusiyejua alikotoka, siku kumi hazitoshi. Akiwa aliumwa na mbwa mwingine, ugonjwa unaweza kujificha ndani yake wiki kadhaa, hata miezi sita. Ndiyo maana mbwa wa kupokelewa anachanjwa mapema, na kwa miezi hiyo anakaa kwenye kamba au uani, mbali na watoto wadogo.

Sisi wenyewe tulionja uoga huo. Wiki ya tatu, mtoto wa jirani alivuta mkia wa Watasema wakati wa kula, akaumwa kidole. Damu kidogo tu. Baba alitaka kupaka majivu. Tulichukua sabuni, tukaosha kidonda kwa maji yanayotiririka dakika 15 nzima, mtoto analia, sisi tunahesabu. Halafu mtoto akapelekwa kituo cha afya siku ileile kuanza sindano. Watasema akafungwa. Siku kumi zile hakuna aliyelala vizuri. Kila asubuhi tulikwenda kuangalia: amekula? amekunywa? anasimama? Siku ya kumi na moja alikuwa mzima, na munganga akaamua kuhusu sindano zilizobaki.

Tukumbuke basi: sabuni na maji dakika 15, kituo cha afya siku ileile, mbwa asiuawe bali afungwe na aangaliwe. Usingoje siku kumi ziishe ndipo umpeleke mtoto. Mkiua mbwa na kumtupa, mmepoteza ushahidi.

Magonjwa yanayorudi

Veterineri alipomwangalia Watasema alikuta mambo matatu: upele, minyoo, na homa ya kupe. Hayo ndiyo ya kawaida huku kwetu. Tuyapitie moja moja.

*Upele.* Unaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi. Mbwa anajikuna usiku kucha, manyoya yanaanguka, kuanzia masikioni na kwenye viwiko. Unaweza kumpa mtu muwasho pia kwa muda. Watu wengi wanapaka mafuta machafu ya moto au ya gari. Acheni! Mbwa anajilamba, anameza sumu, na ngozi inaungua. Osha kwa sabuni ya kawaida, lainisha magamba kwa mafuta ya mawese, halafu veterineri atoe dawa kwa kipimo cha uzito. Tena, msitumie kwa kubahatisha vidonge vya Mectizan vinavyogawiwa kijijini kwa upofu wa mtoni. Dawa iliyomo, ivermektini, ni kweli inaua mdudu wa upele, lakini kipimo kikizidi kinapiga ubongo wa mbwa. Na kidonge kile kina mwenyewe, ni cha macho ya mtu.

*Minyoo.* Mbwa mwembamba mwenye tumbo kubwa, ufizi mweupe, anaburuta matako chini. Apewe dawa siku ya kufika, arudiwe baada ya wiki mbili, halafu kila miezi mitatu. Mavi yake yazikwe, yasibaki uani, kwa sababu mayai ya minyoo hiyo yanaingia kwa watoto wanaocheza udongoni. Mkichinja mbuzi, msimtupie mbwa mapafu na maini mabichi. Chemsheni kwanza.

*Homa ya kupe.* Hii ndiyo iliyomfanya Watasema kuwa mgonjwa wa kudumu. Homa inakuja, inakwenda. Mbwa hali, ufizi unakuwa mweupe, mara nyingine damu inatoka puani au mkojo unakuwa mwekundu. Watasema alipewa kinini za doksisiklini karibu wiki nne. Baada ya siku tano alikuwa anarukaruka, na mlinzi akaona kazi imekwisha. Tulimkatalia. Dawa ikikatwa katikati, ugonjwa unarudi na nguvu. Hata ikimalizika, unaweza kurudi, na kwake umerudi mara mbili. Kwa hiyo kila jioni mlinzi anamtoa kupe: masikioni, kati ya vidole, chini ya mkia. Kupe anatolewa kwa kuvutwa polepole karibu na ngozi, hapondwi kwa vidole.

*Malale.* Mbung'o wa kandokando ya mito yetu anauma na mbwa pia. Ukiona jicho la mbwa limekuwa na ukungu kama wa bluu, uso umevimba na anakonda, mwambie veterineri mapema. Sindano ipo, lakini ni kali kwa mbwa: ikizidi kidogo inaua. Si ya kuchoma mwenyewe.

Kuhusu mguu wa mtego, hakuna dawa. Kovu la zamani halirudi nyuma. Siku za mvua anachechemea zaidi. Tulimtengenezea pa kulala pakavu, juu ya mifuko mitupu ya mpunga. Msimpe ibuprofeni wala diklofenaki, zile kinini tunazomeza kwa maumivu ya mgongo. Kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuharibu figo.

Ale nini bila kumnyang'anya mtoto?

Watasema anakula mabaki ya bugali au wali, na kichwa cha samaki au dagaa kidogo. Tukipata damu au matumbo ya mnyama, tunachemsha. Maji safi kila siku.

Yasiyofaa ni haya: mihogo mibichi michungu, maganda yake, na maji yaliyolowekewa mihogo, kwa sababu yana sumu ileile inayoua mbuzi. Mifupa ya kuku iliyopikwa, inavunjika kama sindano. Na mahindi au karanga zenye ukungu. Wengi wanasema, "Imeoza, mpe mbwa." Ukungu ule una sumu inayoua ini. Kule Kenya mwaka 2004 watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya namna hiyo. Kitakachokuua wewe kitamuua na yeye.

Na wenzetu Waislamu?

Kule Kasongo, Kibombo na hata hapa mjini, familia nyingi ni za Kiislamu, na tumeulizwa swali hili kwa adabu mara nyingi. Mbwa wa kulinda mifugo, shamba au kuwinda ameruhusiwa, na wazee wa dini wanalijua hilo. Shida ni mate. Basi mbwa akae nje, awe na sahani yake mwenyewe, na anayemhudumia ajisafishe kama dini inavyomwelekeza. Kanuni hizo zinaendana na za munganga pia: mbwa na vyombo vya jikoni havichanganywi.

Chupa moja, mbwa kumi

Hapa ndipo koperative inamshinda mtu mmoja. Chanjo ya kichaa mara nyingi inakuja katika chupa ya dozi kumi. Ikifunguliwa, inatumika siku hiyo. Pia inatakiwa kukaa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8, kutoka frigo hadi kwenye sindano. Mtu mwenye mbwa mmoja hawezi kubeba mzigo huo. Lakini wenye mbwa kumi wakijiandikisha, wakachanga, wakapanga siku moja na veterineri wa Inspeksioni ya Kilimo, Uvuvi na Ufugaji, basi chupa moja inamalizika bila hasara. Mtoto wa mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu, halafu inarudiwa kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Siku nzuri ya kukumbuka ni tarehe 28 Septemba, siku ya dunia nzima ya kupinga kichaa cha mbwa.

Siku hiyohiyo waiteni na wawindaji. Mbwa wao wa msituni, wale wasiobweka, wanaofungwa kengele ya mti ili mwenyewe awasikie, wanakutana na wanyama wengi kuliko mbwa wa mjini. Wasiachwe nje ya hesabu.

Siku ya kusema basi

Tuseme ukweli mpaka mwisho. Kuna mbwa hatapona. Asipokula, asiposimama, akilia usiku na dawa zimeshindwa, kumweka hai si huruma tena. Mwite veterineri, kuna sindano ya kumpumzisha. Msitege sumu ya shambani ndani ya nyama. Sumu haichagui: inaua mbwa wa jirani, kuku, na mtoto anayeokota.

Watasema hajafika huko. Manyoya yamerudi, isipokuwa masikioni. Homa ikirudi tunaijua siku ya kwanza, kwa sababu mlinzi ana daftari: siku ya chanjo, siku ya dawa ya minyoo, siku aliyokataa chakula. Usiku analala mlangoni pa depo, na mguu mbovu ameukunja chini ya kifua. Yule mama aliyetuuliza swali bado hana mbwa, na hatumlaumu. Lakini siku ya chanjo ndiye aliyeshika orodha ya majina ya wenye mbwa, nyumba kwa nyumba, na hakumwacha hata mmoja.

Katika mkutano unaokuja, kila koperative ije na orodha yake: mbwa wangapi, wa nani, na wangapi hawana mwenyewe. Tutaanzia hapo.