Kabati ya vitabu sasa ina kioo



Wengi wenu mlituuliza: vitabu vya watoto vimeenda wapi? Havikuenda popote. Vilikuwa ndani ya kabati, milango ya mbao imepigwa kufuli, na mtoto haombi kitu asichokiona. Maneno yakaanza kuzunguka kwamba walimu wa kujitolea wanauza vitabu. Yalituuma. Tukasema basi, tuweke kioo, kila mtu ajionee.

Kabati mpya ni bei, kwa hiyo tulibadilisha milango ile ile. Kila mlango ulikuwa na fremu ya mbao na plaiwudi katikati (wenzetu wa Kivu wanaita tripleksi), imekaa ndani ya mfereji. Tuliutoa mlango kwenye bawaba, tukaulaza mezani kifudifudi. Kwa patasi tukaondoa ukingo wa nyuma wa ule mfereji, pole pole, mpaka plaiwudi ikatoka na fremu ikabaki nzima. Pakabaki kingazi kidogo pande zote nne. Hapo ndipo kioo kinakaa. Kama mlango wako ni plaiwudi tupu bila fremu, usiukate hivyo hivyo, utapinda. Tengeneza fremu kwanza.

Sasa kosa letu. Tulipima haraka haraka, tukanunua kioo cha kipimo kile kile cha nafasi. Kiliingia kwa kubanwa. Mvua ikaja, mbao zikavimba, asubuhi tukakuta ufa toka pembe hadi pembe. Ile ilikuwa michango yenu, na posho yetu kidogo. Fundi mmoja mzee alitucheka kwanza, ndipo akatueleza kwamba mbao hunywa maji na kunenepa, lazima uiachie nafasi.

Mara ya pili tulipunguza milimita 2 kila upande, maana yake milimita 4 kwenye urefu na 4 kwenye upana. Kioo kilitoka Mbarara, kimezungushiwa blanketi na kusimamishwa. Ukikilaza kwenye gari na barabara yetu hii, utafika na vipande. Ni cha milimita 4, na mita moja ya mraba ya kioo hicho ina kilo 10. Kwa hiyo tuliweka skurubu ndefu zaidi kwenye bawaba.

Kukishika, tulipigilia fito nyembamba kwa misumari midogo sana. Ukigonga, funika kioo na katoni, nyundo isiteleze. Kingo zake tulizisugua na jiwe lenye maji kabla ya kukiweka, maana zinakata kama wembe.

Milango ya chini tumeiacha ya mbao. Watoto wa P1 na mpira wao mnawajua.

Ijumaa mchana njooni muone. Watoto wanapanga mstari, wanaonyesha kwa kidole kitabu wanachotaka. Kimoja cha hesabu za P4 bado hakijarudi. Aliye nacho akilete tu, hatutamuuliza kitu.