Fahamu: Canon 90D au Nikon D7500, ipi inafaa Isiolo?

Ukienda hifadhi ya Buffalo Springs au Shaba huko Isiolo kumpiga picha punda milia wa Grevy, kamera hizi mbili za bei ya kati zitakuchanganya.

Canon EOS 90D ya 2019 ina megapikseli 32.5 na hupiga picha 10 kwa sekunde. Nikon D7500 ya 2017 ina 20.9 na hupiga 8. Megapikseli nyingi husaidia unapokata picha ya mnyama aliye mbali.

Zote zina nafasi moja tu ya kadi, hivyo nakili picha kila jioni. Kwa sababu ya vumbi, funga madirisha ya gari kabla ya kubadilisha lenzi.

Kwa wanyamapori, chagua 90D. Bajeti ikibana, chukua D7500 iliyotumika, kisha uwekeze kwenye lenzi ndefu.