Ziwa Lenye Maji Mawili



Kwanza niwaondoe shaka: mimi sikuja Marekani kwa kuzamia. Nilikuja kwa ndege, na nauli nililipa mwenyewe. Kuzamia nimekuanzia hapa hapa, baada ya kuizoea theluji, na wa kulaumiwa ni binti yangu, aliyejifunza akiwa chuoni kisha akanivuta na mimi. Mwaka huu vijana wetu watatu wa Saint Paul wameniuliza wanunue suti ya unene gani, na mama zao wameniuliza kama nina akili timamu. Basi nawajibu wote kwa pamoja katika kitabu chetu hiki.

Mimi ni mtoto wa Ujiji, nimekulia ndani ya Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 hivi, na hata kule chini kabisa maji yake ni ya nyuzi 23 na ushei za Selsiasi. Kwa hiyo mtoto wa kule hakui akijua kwamba ziwa moja laweza kuwa na maji mawili.

Mimi nilifunzwa na Square Lake, karibu na Stillwater, ziwa linalopendwa na wazamiaji wa miji yetu hii miwili kwa uangavu wa maji yake. Ilikuwa mwishoni mwa Julai, jua kali. Nikatia mguu majini, nikaona ni Ujiji tupu. Nikavaa suti yangu ya milimita 3, niliyoitumia Unguja, bila kofia wala glavu. Binti yangu alivaa milimita 7, kofia na glavu.

"Baba, chini kuna baridi," akaniambia.

"Mwanangu, mimi nimezaliwa ziwani," nikamjibu.

Tulipofika kama mita 7 tukakuta mahali maji yanapochezacheza mfano wa hewa juu ya lami ya moto. Nikapita, na mara pumzi ikanikatika. Kipimo cha mkononi, kilichosoma nyuzi 24 juu, sasa kilishuka hadi 8. Baada ya dakika chache vidole vikaingia ganzi. Binti yangu akaniuliza kwa ishara kama ni salama. Nami, huku natetemeka, nikamjibu kwamba ni salama. Nilidanganya kwa ajili ya heshima ya ubaba. Nilipokitafuta kitufe cha kutia hewa katika koti la kuelea, kidole hakikunitii tena. Ndipo aliponishika mkono, akanionyesha gumba juu, maana yake tupande, akanipandisha polepole. Ufukoni hakunisema hata neno moja. Alinimiminia chai tu, na kimya kile kiliniuma kuliko baridi.

Sababu yake ni hii. Maji baridi huwa mazito kuliko ya moto, na maji matamu huwa mazito kupita yote yakiwa na nyuzi 4. Majira ya baridi yakiisha, maji hayo mazito hubaki chini. Jua la kiangazi huyapasha ya juu tu, nayo yakawa mepesi, yakaelea juu ya yale baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Tanganyika haina majira ya barafu, kwa hiyo haina akiba ya baridi kama hiyo. Tena maji huunyang'anya mwili joto upesi kuliko hewa, kiasi cha mara 25.

Suti ya kuzamia nayo si ya kuzuia maji yasiingie. Imetengenezwa kwa mpira uliojaa vipovu vidogo vya gesi, na vipovu hivyo ndivyo vinavyolinda joto. Maji machache huingia ndani, mwili ukayapasha. Kwa hiyo lazima ibane. Ikipwaya, maji mapya hupita kila unapogeuka na faida yote hupotea. Kumbukeni pia kwamba kwenye mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na vipovu husinyaa. Suti yako huwa nyembamba pale pale unapoihitaji zaidi.

Basi vijana wangu, chagueni suti kwa maji ya chini mtakakofika, si kwa maji ya juu mnayoyaona. Kipimo changu ni hiki: nyuzi 24 na zaidi, milimita 3, kati ya 18 na 24, milimita 5, kati ya 10 na 18, milimita 7 pamoja na kofia, glavu na buti. Chini ya 10, tafuteni suti kavu, ambayo hailowi ndani, na mfundishwe kwanza kuitumia. Suti nene huelea sana, hivyo pimeni upya uzito wa risasi za mkandani. Na aliyezoea bahari ataona ziwani anahitaji risasi chache kidogo, kwa kuwa maji ya chumvi hueleza zaidi. Mbao za matangazo hapa huandika Farenhaiti: 45 zao ni 7 zetu.

Mkitoka majini, vueni suti mara moja, jikausheni, vaeni kofia ya sufu, mnywe kitu cha moto. Pombe iacheni. Na mwenzenu akiacha kutetemeka huku bado ana baridi na maneno yake hayaeleweki, huyo hajapona, amezidiwa. Mfunikeni na mwite msaada bila kungoja.

Kina mama, mmeuliza kama nina akili. Siku ile sikuwa nazo. Binti yangu alikuwa nazo za watu wawili. Sitawaomba muwazuie watoto. Waulizeni jambo moja tu kabla hawajaondoka: ukisikia baridi, utasema? Anayeona haya kusema, asiingie majini. Mimi siku hizi navaa milimita 7, na binti yangu akiniuliza kwa ishara, namjibu kweli.